Usiku wa Vyura, Arabuko-Sokoke

Tulitoka Malindi alasiri, masika yakiwa yameanza, tukashika barabara ya Mombasa hadi Gede. Hapo ndipo mlango wa Arabuko-Sokoke: kilomita za mraba zipatazo 420, kipande kikubwa kuliko vyote vilivyosalia vya msitu mkavu wa pwani ya Afrika Mashariki. Kibali hushughulikiwa mapema, na askari lazima awepo, kwani ndovu hunywa kwenye vidimbwi vilevile wanamozaliana vyura.

Jioni tulitega mitego ya vyura na mijusi kwenye miti ya mirihi (Brachystegia), penye mchanga mweupe. Ndoo za lita 10 huzikwa mpaka ukingo ulingane na ardhi, kisha ukuta wa nailoni wa nusu mita hupitishwa juu yake, upindo wa chini ukiwa umefukiwa. Mjusi au chura akiufikia huufuata mpaka atumbukie. Toboa ndoo chini, la sivyo mvua itaijaza na waliomo wazame. Tia na sifongo lililoloa wasikauke. Balaa kubwa ni siafu. Wakiigundua ndoo, asubuhi hukuti kitu cha kupima. Kwa hiyo ukaguzi ni alfajiri, na kazi ikiisha ndoo zing'olewe zote. Iliyosahaulika wazi huendelea kuua hata watafiti wakishaondoka, na huo ni uharibifu, si utafiti.

Giza lilipoingia tukafuata kelele za vyura mpaka kidimbwini. Juu ya matawi yaliyoinamia maji kulikuwa na viota vya povu vya chura wa mitini, Chiromantis xerampelina. Jike hutoa majimaji na kuyapiga kwa miguu ya nyuma mpaka yaumuke. Nje povu hukauka likawa gamba, ndani mayai hubaki na unyevu, na baada ya siku chache viluwiluwi hudondoka. Maji yakiwahi kukauka, huangukia matope.

Kila chura anayeshikwa ana glavu zake mpya, maana kuvu wa Batrachochytrium dendrobatidis, anayewaua vyura, huenezwa kwa mikono na viatu. Viatu husuguliwa tope kwanza ndipo vitiwe dawa. Juu ya tope dawa haifiki.

Lakini mnyama ninayetaka msomaji amjue ni Mertensophryne micranotis, chura mdogo mwenye urefu wa sentimita mbili hivi. Yeye hana haja na kidimbwi. Hutaga kwenye maji yaliyotuama ndani ya tundu la mti, na hata kwenye kifuu cha nazi au gamba tupu la konokono. Kiluwiluwi chake ana taji la nyama kichwani, limezunguka macho na pua.

Kumtafuta ni kazi ya subira. Unamulika tundu kwanza. Mkono hauingizwi, nyoka nao hulala humo. Maji unayavuta kwa bomba jembamba la mpira, unayamimina kwenye sahani nyeupe, unahesabu viluwiluwi, kisha unayarudisha yote palepale, kwa sababu hakuna mengine mpaka mvua inyeshe.

Kwa mpasua mbao, mti mzee wenye tundu hauna faida, basi huishia kuwa kuni au makaa. Miche hupandwa badala yake, na ni vizuri, ila mche hukaa miaka mingi bila tundu. Ndiyo maana daftari letu lina safu ya miti yenye matundu: kimo cha tundu, kina chake, na kama lina maji. Bila safu hiyo, orodha ya vyura haimwambii mlinzi wa msitu mti upi asiuache ukatwe.