Ninavyopata mada za utafiti wa wanafunzi kwenye makala mpya za kisayansi

Msimu wa kuandaa miradi ya mashindano ya sayansi ya shule, Young Scientists Tanzania, ukikaribia, au Kenya Science and Engineering Fair (KSEF) kwa wenzetu wa Kenya, mada zinazoletwa na wanafunzi huwa zilezile: umeme wa viazi, dawa ya mbu ya mwarobaini, kuchuja maji kwa mchanga na mkaa. Majibu yake yanajulikana kabla mwanafunzi hajashika kifaa chochote. Mimi husimamia klabu ya sayansi ya sekondari, na njia iliyonifaa kuliko nyingine ni kuwapeleka wanafunzi moja kwa moja kwenye makala za utafiti za miaka miwili mitatu ya karibuni.

Naanzia Google Scholar. Kwenye kompyuta, upande wa kushoto kuna sehemu ya kuchagua mwaka. Kwenye simu imefichwa ndani ya menyu. Usipoigusa utaletewa makala zilizonukuliwa sana, na hizo mara nyingi ni za zamani. Zaidi ya hapo kuna PubMed Central, hifadhi ya makala za bure za tiba na biolojia, DOAJ, orodha ya majarida yaliyo wazi, na AJOL, ambayo hukusanya majarida ya Afrika. Majarida kama PLOS ONE na Malaria Journal yako wazi kwa kila mtu. Makala ikiwa imefungwa kwa malipo, rudi Google Scholar ubonyeze kiungo cha matoleo yote chini ya kichwa chake, kwa sababu huenda mwandishi ameweka nakala ya bure kwenye tovuti ya chuo chake.

Jambo dogo linalosaidia sana ni kutafuta kwa jina la kisayansi la kiumbe. Fukusi wa kunde ana majina tofauti kila nchi, lakini ukiandika Callosobruchus maculatus utapata kazi za Nigeria, India na Brazil kwa mkupuo mmoja. Kwanza soma makala moja ya mapitio ujue suala limefikia wapi, kisha ndiyo uingie kwenye tafiti zenyewe.

Wanafunzi wengi husoma makala kuanzia neno la kwanza na kukwama ukurasa wa pili. Mimi huwaelekeza wasome ikisiri, waruke hadi kwenye grafu na majedwali, kisha warudi kwenye mbinu na kukaa hapo muda mrefu. Walimu wengi huwapeleka kwenye aya za mwisho za mjadala, pale watafiti wanapotaja mapungufu na kupendekeza tafiti zijazo. Pana faida yake, lakini mapendekezo hayo mara nyingi yanahitaji maabara ya chuo kikuu na bajeti ya mamilioni. Sehemu ya mbinu ndiyo yenye hazina, kwa sababu kila kitu ambacho mtafiti amekishikilia kisibadilike ni swali ambalo hajalijibu. Ametumia aina moja ya mbegu? Joto moja? Chombo kimejazwa hadi juu? Mwanafunzi aorodheshe vitu hivyo kwenye daftari, halafu achague kimoja tu anachoweza kukibadilisha na kukipima kwa vifaa vya shule.

Nichukue mfano wa uhifadhi wa nafaka na mikunde bila hewa, kwa kuwa unalipa. Mifuko ya PICS yenye tabaka tatu ilitokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Purdue kuhusu kunde huko Kameruni miaka ya 1980. Ndani ya chombo kilichofungwa, wadudu humaliza oksijeni, huacha kula, na hatimaye hufa kwa kukauka, kwa kuwa maji ya miili yao hutokana na kuunguza chakula kwa oksijeni. Tangu hapo zimechapishwa makala nyingi za kujaribu madumu, mapipa na mifuko mbalimbali. Ukisoma mbinu zake utaona kwamba mara nyingi chombo kimejazwa. Nyumbani hali ni nyingine: mama anachota kunde kila wiki na nafasi ya hewa inaongezeka. Swali la mwanafunzi linajitokeza lenyewe: hewa ikiwa nyingi kiasi gani, kinga inapotea?

Hapa ndipo mpangilio unapoharibika. Wazo la kwanza la mwanafunzi huwa ni kujaza chupa moja, nyingine robo tatu, nyingine nusu. Akifanya hivyo amebadilisha vitu viwili, kiasi cha hewa na kiasi cha kunde, na matokeo hayatamwambia kipi kimefanya kazi. Bora kunde zibaki gramu 350 kila mahali na chupa ndizo zibadilike: ya nusu lita, lita moja na lita mbili. Gramu 350 zinakaribia kujaza chupa ya nusu lita. Ukihesabu na mianya kati ya punje, hewa inakuwa karibu mililita 220, 720 na 1,720. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa, kwa hiyo ni karibu mililita 46, 151 na 361. Namba hizi mwanafunzi asizichukue kwangu, azipime. Kwenye chupa ya ziada yenye kunde amimine maji hadi mdomoni ndani ya dakika moja, kabla kunde hazijaanza kunyonya. Maji yaliyoingia ndiyo hewa iliyokuwemo.

Kundi la nne ni la kulinganishia: chupa za nusu lita zilizofunikwa kitambaa, hewa ikipita. Kila kundi liwe na chupa 5, jumla chupa 20 na kilo 7 za kunde. Kunde za sokoni karibu zote zina mayai ya fukusi tayari, kwa hiyo zikae kwenye friza wiki nzima ndani ya nailoni iliyofungwa, na zisifunguliwe mpaka zirudi kwenye joto la kawaida, la sivyo zitatoa umande na kuota ukungu. Wadudu watoke kwenye kunde zilizobunguliwa, zilizowekwa kando ndani ya chupa pana. Zichekechwe kila siku, na watumike waliotoka siku hiyo au jana yake, 20 kwa kila chupa.

Chupa za soda hufunga vizuri kuliko za maji, maana vizibo vyake vimetengenezwa kuzuia gesi. Kabla ya kutumia, funga chupa tupu, izamishe kwenye ndoo na uiminye. Vipovu vikitoka kwenye kizibo, iweke pembeni.

Kosa linaloua mradi huu ni kuhesabu wadudu waliokufa. Fukusi wa kunde akishakuwa mkubwa hali tena, na huishi wiki moja hadi mbili. Ukifungua chupa siku ya 20 utakuta wamekufa wote, hata kwenye chupa za kitambaa, na mwanafunzi ataandika kwamba kila njia imefaulu. Kinachopimwa ni kizazi kinachofuata. Chukua punje moja na uiangalie kwa lenzi: yai ni doa dogo jeupe lililogandishwa juu ya ganda, na baadaye panaonekana kidirisha cha mviringo ambapo mdudu atatokea. Kwenye nyuzi 27 hadi 30 za selsiasi, kutoka yai hadi mdudu mzima ni kama wiki nne. Fungua chupa zote kati ya siku ya 35 na 40, uhesabu wadudu wapya na punje zenye matundu, upime uzito, kisha uoteshe punje 50 kutoka kila chupa kwenye karatasi yenye unyevu. Ukichelewa, kizazi cha tatu kitaanza kuingia kwenye hesabu. Mikoa ya baridi kama Njombe muda hurefuka sana, hivyo joto liandikwe kila siku.

Kwenye takwimu, kipimo ni chupa. Punje 500 kutoka chupa moja bado ni jaribio moja. Wastani na mtawanyiko uhesabiwe kwa chupa 5 za kila kundi, na hapo majaji huuliza sana.

Kabla ya kununua chochote, rudi Google Scholar ubonyeze orodha ya makala zilizoinukuu ile uliyoanza nayo, uone kama kuna aliyekwisha jibu swali lako. Angalia pia kama makala yenyewe imeondolewa na jarida, na kama ni toleo la awali ambalo halijapitiwa na wataalamu, liandikwe hivyo kwenye ripoti.

Kuna mada nazikataa hata makala iwe nzuri namna gani. Kukuza bakteria waliotoka kwenye maji taka au vidonda shuleni, bila vifaa vya kuwaua baadaye, hapana. Kufuga Anopheles, mbu wanaoeneza malaria, hapana. Kupima damu au kuwapa watu dawa za mitishamba kunahitaji kibali cha maadili kabla ya kuanza, na kibali hicho hakipatikani ndani ya muhula.

Mbinu ikiwa haieleweki, mwandishi wa mawasiliano ana barua pepe yake kwenye ukurasa wa kwanza wa makala. Mwanafunzi aandike mistari mitano: yeye ni nani, amesoma makala ipi, na swali moja tu la mbinu, kwa mfano wadudu walikuwa na umri gani walipowekwa, huku nakala ikienda kwa mwalimu wake. Jibu likija, libandikwe kwenye daftari la mradi pamoja na tarehe.