Nilivyotafuta jibu sahihi la picha za mifupa kabla ya kuwapima wanafunzi

Ninafundisha wanafunzi wa uafisa tabibu mjini Mtwara, na sehemu ya kazi yangu ni kuwafundisha kusoma picha za eksirei za mifupa. Jambo lililokuwa likinisumbua ni kwamba wanafunzi hufaulu vizuri mtihani wa mwisho wa muhula, kisha wakienda kwenye mafunzo ya vitendo, miezi michache tu baadaye, hupitwa na ufa wa aina ileile waliyoitambua darasani bila shida. Nilishuku namna yetu ya kufundisha: mwalimu anaonyesha picha, anaeleza, wanafunzi wanaitazama tena na tena mpaka waizoee. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walionyesha kwamba waliosoma kifungu cha maneno mara ya pili walikumbuka zaidi baada ya dakika 5, asilimia 81 dhidi ya 75 ya wale waliojipima badala ya kurudia kusoma. Lakini baada ya wiki moja hali iligeuka, waliojipima wakakumbuka asilimia 56 na waliorudia kusoma 42. Nikataka kuona kama jambo hilo linashika pia kwenye picha za mifupa, kwa wanafunzi wangu na kwa wagonjwa wa huku kusini.

Tofauti kubwa ilijitokeza mapema. Anayepimwa kwa kifungu cha maneno husahihishwa kwa kifungu chenyewe, kwa kuwa jibu limeandikwa pale. Picha ya mfupa haina jibu lililoandikwa popote. Jibu lake ni maoni ya mtu aliyeitazama, na watu hutofautiana. Mwaka 1984 Frandsen na wenzake waliwapa watazamaji 8 picha 100 za wagonjwa waliovunjika shingo ya mfupa wa paja, wazipange katika madaraja manne aliyoyatoa daktari wa upasuaji Garden mwaka 1961, na wote wanane walikubaliana juu ya picha 22 tu. Mwalimu anayechukua jibu la mtu mmoja, hata awe bingwa kiasi gani, akamkosesha nalo mwanafunzi, hawezi kujua kama amempima mwanafunzi au amepima tofauti kati ya mabingwa. Kwa hiyo niliamua kwamba sehemu kubwa ya utafiti wangu itakuwa kutengeneza majibu, na wanafunzi watakuja baadaye.

Vibali vilichukua muda, na sina mengi ya kusema juu yake zaidi ya kumshauri anayeanza aandike barua zake mapema: kamati ya maadili, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ofisi ya mkoa, kisha hospitali yenyewe. Hoja nzito ya kamati ilihusu wagonjwa ambao picha zao zilikwisha kupigwa na ambao wengi wasingepatikana tena. Tulikubaliana kwamba picha zitumike bila kumtafuta kila mgonjwa, kwa sharti kwamba jina, namba ya faili na tarehe ya kuzaliwa viondolewe kabla picha haijatoka hospitalini. Na kwa kuwa sasa tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, sharti hilo halikuwa la kujadiliwa. Niliomba kitu kimoja tu kibaki, nacho ni umri wa mgonjwa kwa miaka. Mtoto ana mstari mweusi wa ukuaji karibu na ncha ya mfupa, na msomaji asiyejua kwamba mfupa huo ni wa mtoto wa miaka sita anaweza kuuita mstari huo ufa.

Kuondoa majina kulikuwa na ugumu wake. Katika mashine za kidijitali jina huwa mahali pawili: ndani ya maelezo ya faili, ambako programu huweza kulifuta kwa mkupuo, na juu ya picha yenyewe, pembeni, kwa herufi nyeupe ambazo ni sehemu ya picha na hazifutiki isipokuwa kwa kufunikwa moja baada ya nyingine. Fundi sanifu wa eksirei alinisaidia kuzifunika akiwa makini asiiguse ile alama ya kushoto au kulia, maana picha isiyo na alama hiyo haifai hata darasani. Wapo walionishauri nipige picha za filamu kwa simu na kuzituma kwa WhatsApp, kama inavyofanyika sana huku mabingwa wanapoombwa ushauri wa haraka. Kwa ushauri wa dharura sioni ubaya mkubwa. Kwa utafiti sikukubali, kwa sababu WhatsApp hubana picha, na ufa mwembamba kama unywele ndio wa kwanza kupotea. Nilisubiri usiku, intaneti inapotulia, nikapandisha faili kamili kwenye hifadhi yenye nywila.

Nilichagua kifundo cha mkono, kiwiko na kifundo cha mguu, kwa kuwa ndivyo afisa tabibu atakavyokutana navyo kwenye kituo cha afya cha Tandahimba au Nanyumbu: mtoto aliyeanguka kutoka kwenye mwembe, kijana wa bodaboda aliyeteleza kwenye mchanga, mama aliyekanyaga vibaya akitoka shambani. Wasomaji wangu walikuwa watatu, yaani madaktari bingwa wawili wa upasuaji wa mifupa na daktari bingwa mmoja wa radiolojia aliye Dar es Salaam. Kila mmoja alisoma peke yake, bila kuona majibu ya wenzake na bila kuona cheti cha mgonjwa. Baadhi ya picha nilizirudisha kwao baada ya muda, nikiwa nimebadilisha mpangilio na namba, ili nione kama mtu anakubaliana na nafsi yake. Mmoja wa mabingwa aliponitania kwamba namtega, nilimjibu kwamba ndivyo ilivyo, naye akacheka na kuendelea kusoma.

Majibu yalipokuja, kila aliyeyaona aliridhika: mara nyingi watatu hao walisema kitu kimoja. Hapo ndipo kipimo cha kapa, alichokitoa Jacob Cohen mwaka 1960 ili kuonyesha makubaliano yanayobaki baada ya kuondoa yale ya bahati, kinapofanya kazi yake. Tuchukue mfano wa picha 100 na wasomaji wawili ambao kila mmoja husema “mzima” kwa picha 80. Hata wakisoma kwa kubahatisha, watakubaliana juu ya “mzima” kwa picha 64 hivi na juu ya “umevunjika” kwa picha 4, jumla 68. Kwa hiyo wakikubaliana kwa picha 80, wamevuka bahati kwa 12 tu kati ya 32 zilizobaki, na kapa yao ni takriban 0.38. Landis na Koch, katika jedwali lao la mwaka 1977 linalotumika hadi leo, huweka 0.61 hadi 0.80 kuwa makubaliano mazuri, na kiwango cha hao wawili wa mfano wetu hakifiki huko hata kidogo. Kwetu sisi kifundo cha mguu kilipata kapa nzuri, kifundo cha mkono kikafuata, na kiwiko cha mtoto kikawa cha mwisho kwa mbali.

Niliwaomba basi wasomaji wakutane kwa simu, kila mmoja akiwa na kompyuta yake mbele, tupitie picha zilizoleta ubishi. Nakumbuka zaidi picha ya kiwiko cha mtoto wa miaka saba, iliyopigwa kwa upande, mkono ukiwa umekunjwa. Hakuna mstari uliokatika popote, na kingo zote za mfupa zilikuwa laini.

“Mkono huu ni mzima, mwalimu,” alisema daktari wa upasuaji, na mwenzake akaafiki.

“Dokta, hebu tazama nyuma ya kiwiko, juu kidogo,” alisema daktari wa radiolojia. “Unaona kivuli cheusi kimekaa kama kabari?”

Kilikuwepo, chembamba, ukikitafuta. Yale ni mafuta yanayokaa ndani ya shimo la nyuma ya mfupa wa mkono wa juu, ambayo katika kiwiko kizima kilichokunjwa hayaonekani kwa upande. Yakionekana, maana yake kiungo kimejaa kimiminika na kuyasukuma nje, na kwa mtoto aliyeanguka kimiminika hicho kwa kawaida ni damu, na damu hiyo mara nyingi inatoka kwenye ufa usioonekana. Daktari wa upasuaji alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba angekuwa amemshika mtoto yule mkono asingehitaji kivuli, maana mtoto angelia alipoguswa. Nilimwona ana hoja, na hata leo naiona. Daktari wa mifupa huamua kwa mkono na jicho pamoja, nasi tulikuwa tumemnyima mkono.

Ubishi ule ulitulazimu kutenganisha mambo mawili tuliyokuwa tukiyaita kwa pamoja jibu: kinachoonekana kwenye picha, na kilichopo kwenye mfupa. La kwanza tuliweza kulimaliza kwa mjadala. La pili lilihitaji picha ya pili, iliyopigwa wiki mbili au tatu baadaye, kwa sababu mfupa uliopasuka huanza kujizungushia mfupa mpya na ufa uliojificha hujitangaza. Picha za namna hiyo ni chache huku. Mtu anayetoka Newala, akishafungwa plasta ya jipsi na maumivu yakapungua, hesabu yake ya nauli ni tofauti na yangu, na wengine humalizia matibabu kwa mtaalamu wa jadi wa kuunga mifupa aliye kijijini. Wanaorudi hawawawakilishi vizuri wasiorudi, kwa kuwa mara nyingi ni wale waliozidiwa au wanaoishi karibu, na hilo niliandika wazi katika ripoti. Pale picha ya pili ilipokuwepo, ndiyo iliyotoa hukumu. Ilipokosekana, tulichukua jibu la wasomaji watatu baada ya mjadala, na picha ambazo walishindwa kuafikiana niliziweka kwenye faili lake peke yake.

Baada ya hapo kuwapima wanafunzi ilikuwa kazi nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Mwenzangu asiyewasahihishia mitihani ndiye aliyewaomba ridhaa, ili asiwepo anayekubali kwa kuniogopa mimi, na alama za utafiti hazikuingia kwenye matokeo ya chuo. Kundi moja lilipewa picha pamoja na maelezo, likazirudia. Kundi la pili liliona picha tupu, kila mwanafunzi akaandika jibu na sababu yake, ndipo akafunuliwa maelezo. Muda wa makundi yote ulikuwa sawa. Jioni ileile makundi hayakutofautiana kwa kitu cha kutaja, na waliorudia kutazama ndio waliojiamini zaidi. Wiki kadhaa baadaye, kwa picha mpya ambazo hakuna aliyekwisha kuziona, waliojibu kwanza walikuwa mbele.

Nilisahihisha karatasi zilezile mara mbili. Mara ya kwanza nilitumia picha zote, zenye ubishi zikiwemo, kwa jibu la msomaji mmoja, kama ambavyo chuo kingefanya siku ya kawaida. Tofauti kati ya makundi ikawa ndogo kiasi kwamba ningeiita bahati. Mara ya pili nilitumia picha zilizokubaliwa peke yake, na tofauti ikaonekana. Sababu yake ni ya kihesabu: jibu lisilo la uhakika humkosesha aliyejua na humpatisha aliyebahatisha, na makundi yote mawili husogezwa kuelekea katikati. Kundi langu lilikuwa dogo, na sitadai kwamba nimethibitisha lolote kwa vyuo vingine.

Faili la picha zenye ubishi ndilo ninalolifungua mara nyingi darasani siku hizi. Kwa picha hizo simwulizi mwanafunzi kama mfupa umevunjika, namwuliza atafanya nini mgonjwa akiwa mbele yake: atambonyeza wapi, atamfunga kwa nini, atamrudisha lini, na atasema nini kwa mama anayeuliza kama kuna haja ya nauli nyingine. Wakati huohuo nimepeleka kwa kamati ombi la kuendelea na nyonga. Sitatumia madaraja manne ya Garden. Nitawaomba wasomaji waseme tu kama mfupa umehama au haujahama, kwa sababu mgawanyo huo ndio unaomwongoza daktari wa upasuaji kuchagua kati ya skrubu na nyonga bandia kwa mgonjwa mzee, na ni rahisi zaidi kwa wasomaji kuafikiana juu yake.