Mstari wa 0.40

Warsha hiyo ya walimu wa shule za msingi ilifanyika mjini Lamu wakati wa likizo. Mwezeshaji, aliyetoka bara, alituonyesha jedwali lililotokana na kitabu cha mtafiti wa elimu John Hattie cha mwaka 2009, kilichojumlisha chambuzi-meta zaidi ya 800, yaani chambuzi zinazounganisha matokeo ya tafiti nyingi. Kila jambo lilipewa namba ya ukubwa wa athari yake katika kujifunza, na mwezeshaji akatueleza kwamba lolote lililo chini ya 0.40 halifai kugharimiwa. Kupunguza idadi ya wanafunzi darasani kulipata 0.21. “Kwa hiyo, walimu, suala la msongamano tuliweke kando,” akasema.

Mwalimu mmoja, mtu wa makamo ambaye sote tulimwita Maalim, aliinua mkono. “Samahani, bwana. Madarasa hayo yalikuwa na watoto wangapi kabla ya kupunguzwa?”

Mwezeshaji hakuwa na jibu. Kwa kuwa nilikuwa nimeyasoma mambo hayo chuoni, nilieleza kwamba tafiti hizo nyingi ni za Marekani na nchi nyingine tajiri, na punguzo linalotajwa mara nyingi ni la kutoka 25 hadi 15, ilhali Maalim alifundisha watoto zaidi ya 70.

Ukumbi ulichangamka, na baadhi ya wenzangu wakaanza kudai kwamba takwimu zote hizo ni porojo. Hapo sikuwaunga mkono. Mtakwimu wa Marekani Gene Glass alipoupa uchambuzi-meta jina lake mwaka 1976, tafiti zilikuwa zimekwisha kuwa nyingi na zenye kupingana, kila mtu akijichagulia inayompendeza. Mwaka 1979 yeye na Mary Lee Smith waliunganisha tafiti 77 za ukubwa wa darasa, na hawakuishia kwenye namba moja: walichora mkunjo, yaani mstari wa grafu uliopinda, ulioonyesha kwamba faida hukua zaidi darasa linaposhuka chini ya wanafunzi 20. Kasoro basi ilikuwa katika kuubana mkunjo mzima uwe 0.21, kisha kuupanga na mambo yaliyopimwa kwa mitihani tofauti, mingine ikiwa imetungwa na watafiti wenyewe, ambayo kwa kawaida hutoa athari kubwa zaidi. Ni sawa na kulinganisha mbao za jahazi zilizopimwa kwa dhiraa za mafundi wawili.

Mwezeshaji, na hili namsifu, hakukasirika. Alituelekeza kwenye mrejesho kwa mwanafunzi, uliopata 0.73, akisema huo hauhitaji madarasa mapya.

“Mrejesho naukubali,” Maalim akamjibu, “lakini madaftari 70 ya insha nitayasahihisha saa ngapi, na kipindi ni dakika 35?”

Jedwali lilikuwa limeyaweka mambo hayo mawili katika safu mbalimbali, kana kwamba hayakutani darasani. Pendekezo la kuliweka kando suala la msongamano likafutwa kwenye ripoti kabla ya chakula cha mchana.