Pora au tembe?

Jumamosi baada ya alasiri binti wa kaka yangu, anayekaa Barani kule Malindi, alinitumia picha ya kuku kwenye simu. "Salaam alaykum shangazi. Huyu jike au dume? Ana miezi mingapi? Na ni kuku gani?" Amemnunua ili watoto wapate mayai, na jirani yake ameshamwambia ni pora huyo, yaani jogoo mchanga, amtie chunguni mapema.

Nikamjibu asimchinje. Asubuhi ampige picha nyingine, ya mgongo na ya bawa lililokunjuliwa, mahali penye mwanga.

Niliogopa kwa sababu najua kosa hilo linavyoingia. Hapa Lamu, mtaani kwetu Langoni, niliwahi kumpa mama mmoja kuku nikamwambia, "Mfuge, ni tembe, jike mchanga huyu, atakutagia." Kichwa cha kuku huyo hakikuwa na upanga wa maana, ile nyama ya utosini, hana ndevu, mpole. Wiki chache baadaye, kabla ya adhana ya alfajiri, akawika. Yule mama alikuwa anangoja mayai ya mgonjwa wake. Nilimpelekea koo, jike anayetaga, wangu mwenyewe siku ile ile, na tangu hapo simtaji kuku jinsia kwa kumtazama kichwani tu.

Kwa kuku wa kienyeji wa kawaida kichwa kinasaidia sana. Ukiwa na vifaranga wa mama mmoja, wakifika wiki ya sita hadi ya nane utaona wengine upanga umeinuka na kuwa mwekundu, miguu minene, na wenzao bado upanga ni mdogo na umepauka. Hao wekundu ni mapora. Lakini picha ya binti yetu ilionyesha shingo ndefu, kifua kimesimama wima, miguu mirefu yenye nguvu, manyoya machache yaliyobana mwili, mdomo mfupi uliopinda. Huyo ana damu ya kuchi, ile aina ya kuku warefu. Na kuchi, dume kwa jike, upanga wake ni mdogo, umelala kichwani kama kidonge cha nyama. Hapo ndipo nilipoteleza mimi, na ndipo jirani wa Barani alipoteleza kwa upande wake: ameona urefu na miguu, akasema dume. Kumbe kuchi jike naye ni mrefu.

Picha za pili zilikuja Jumapili. Nilianza na bawa, maana umri ukishaujua, mengine yanasomeka. Manyoya makubwa ya ncha ya bawa ni kumi, na unyoya mmoja mfupi umekaa katikati kuyatenga na yale ya karibu na mwili. Kifaranga akikua huyapukutisha moja moja, akianzia lile lililo jirani na huo unyoya mfupi, akielekea nje. Jipya ni pana, ncha imeviringa. La kitoto ni jembamba, limechongoka, mara nyingi limechakaa. Nikahesabu: sita mapya, la saba linachomoza, bado lina ala yake. Nikamwambia ana miezi mitatu na kitu, hajafika minne. Anayejitafutia riziki uani hukawia, kwa hiyo sikutaja wiki.

Kwa umri huo sasa mgongo unasema. Nilimwomba amshike kwa upole, aegemeze kifua chake kiganjani, achambue manyoya ya kiunoni, pale mgongo unapoingia mkiani, alitenge moja bila kuling'oa na kulielekeza juani. La pora ni refu, jembamba, limechongoka kama jani la ukindu, na kingo zake zinang'aa kwa kuwa nyuzi za pembeni hazikushikana. La tembe ni fupi, ncha ya duara, nyuzi zimeshikana hadi ukingoni. Nilikuza picha kwa vidole viwili, nikatazama, nikatazama tena. Duara. La shingoni pia duara.

Nikampigia badala ya kuandika. "Mwanangu, ni tembe."

Akanyamaza kidogo, kisha nikamsikia akiwaita watoto.

Nilimtahadharisha kwamba kuchi hawahi kutaga, na mayai yake si mengi kama ya kuku chotara wa kununua. Asimsukume. Akitimiza miezi sita aanze kupapasa ile mifupa miwili iliyo chini ya mkia: leo hapaingii zaidi ya kidole kimoja, na siku za kutaga zikikaribia pataingia viwili, na upanga ule mdogo nao utakuwa mwekundu.

"Na jirani nimwambieje, shangazi?"

Mwonyeshe unyoya.