Pikipiki ya uongo, handaki la kweli

Jana usiku nimeirudia The Great Escape, movie ya 1963 ya wafungwa wa vita wanaotoroka kambi, karibu masaa matatu, na bado kile kipande Steve McQueen anaruka fensi na pikipiki kinanisisimua kama mara ya kwanza. Ila hiyo pikipiki ni chumvi ya Hollywood tu jamani. Kilichotokea kweli Stalag Luft III, kambi ya Wajerumani ya wafungwa wa Vita vya Pili vya Dunia, Machi 1944, ndo kitamu zaidi, wafungwa wamechimba mahandaki matatu wakayaita Tom, Dick na Harry, mbao za vitanda ndo zinazuia mchanga usiwaangukie, makopo ya maziwa ya unga wakayaunga yakawa bomba la hewa, na mchanga wenyewe wanautembeza kwenye vifuko ndani ya suruali wanaumwaga kidogo kidogo, maana ule wa chini rangi yake tofauti, Mjerumani angeuona tu angeshtuka.

Walitoka 76. Waliofanikiwa kabisa 3. Na 50 wakapigwa risasi kwa amri ya Hitler. Hapo ndo huwa nanyamaza.

Halafu kuna vituko vya Nanyuki, Januari 1943, Muitaliano Felice Benuzzi na wenzake wawili wanatoroka kambi ya Waingereza eti wakapande Mlima Kenya! Picha ya mlima wameitoa kwenye lebo ya kopo la nyama. Mmoja akaumwa, wawili wakafika kilele cha Lenana, wakasimika bendera, wakarudi kambini wenyewe. Wenyewe! Movie yake ipo, The Ascent ya 1994, mwenye nayo aniwekee kwenye flashi basi.