Na akiwahi?

Jumatano, asubuhi. Nimetoka zamu ya usiku, usingizi umekataa, basi naandika.

Jumapili jioni nilimpigia Mama kama kawaida. Tulipokuwa tunaagana nikamwambia, "Haya Mama, Jumamosi nakuja, Bwana akikawia." Mlionisoma tangu mwanzo mnajua kwetu neno hilo halikosekani, yaani Bwana Yesu akikawia kurudi. Marehemu Baba alilitia kwenye kila ahadi, hata ile ya kurudi nyumbani jioni. Nimelirithi kwake pamoja na kile kikohozi chake cha kabla ya kuomba.

Mama akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na akiwahi?"

"Akiwahi nani, Mama?"

"Bwana. Umesema akikawia unakuja. Na akiwahi je?"

"Basi tutaonana kulekule."

"Mbona umelisema kama unanipa pole?"

Nikacheka, naye akacheka.

Tangu hapo sina amani. Nimeyarudia maneno hayo nikifua, nikipanda ngazi, nikitandika vitanda vya wagonjwa. Katikati ya wiki hii dada amejifungua salama, mtoto wa kike, na sisi tumepewa notisi ya kuhama, lakini hayo nitayaandika siku nyingine. Mimi nimekwama kwenye hiyo pole. Mama hakuzua. Sauti yangu ilishuka na mimi mwenyewe niliisikia ikishuka, vilevile inavyoshuka ninapowaambia ndugu wa mgonjwa kwamba daktari anataka kuzungumza nao.

Jumatatu nilifungua Mathayo 24 nikitafuta faraja, nikakutana na mtumwa yule mbaya. Anasema moyoni mwake, "Bwana wangu anakawia." Nimeusoma mstari huo miaka yote na sikuwahi kuona kwamba ni kitenzi kilekile cha Baba. Baba alisema akikawia. Mtumwa alisema anakawia. Baba aliacha mlango wazi: huenda atakawia, huenda asikawie, nami nimejipanga kwa yote mawili. Mtumwa yeye alikwisha kuamua. Alipoamua ndipo akaanza kuwapiga wenzake na kula na kunywa pamoja na walevi. Mimi sijampiga mtu. Ila nikijiuliza kwa kweli, mdomo wangu unasema akikawia na moyo unasema anakawia.

Ushahidi upo kwenye daftari langu la maombi. Nililipitia lote tangu Januari. Nimeombea nyonga ya Mama, mimba ya dada, zamu zangu, masomo ya mkubwa wetu, hata mashine ya kufulia. Hakuna ukurasa hata mmoja nilioandika "njoo". Na Biblia yenyewe inafungwa kwa ombi hilo, Ufunuo 22:20, "Amina, na uje, Bwana Yesu," kabla tu ya salamu ya neema. Nimekuwa nikiliimba ibadani na wenzangu. Peke yangu, sijaliomba.

Kuna jambo jingine linaniuma, nalo ni deni. Kila ninapofundisha habari za kungoja huwa nawatolea mfano wafuasi wa William Miller kule Marekani, waliongoja Bwana arudi tarehe 22 Oktoba 1844. Nawataja ili kuonya. Nasema, mnaona, siku ile na saa ile hakuna aijuaye, na hawa wakajipa tarehe, wengine wakaacha mazao shambani bila kuvuna. Darasa linatikisa kichwa, nami naendelea na pointi inayofuata. Wiki hii nimewaza juu ya usiku wao wenyewe. Saa sita ya usiku inapita, kimya. Mmoja wao, Hiram Edson, aliandika baadaye kwamba walilia mpaka kukapambazuka.

Walikosea tarehe, na sitaacha kulisema hilo. Lakini walilia kwa sababu hakuja. Mimi nimelia kwa mengi, na Mungu ananijua, ila sijawahi kulia kwa sababu hakuja. Nimewafanya mfano wa makosa watu waliokuwa na kitu nisichokuwa nacho.

Baba watoto alinisikiliza yote haya juzi usiku, akasema nimechoka, nilale. Huenda ni kweli. Lakini uchovu hauwezi kuwa ndio uliompa Mama jibu lile.

Nilifika kazini jana nikiwa bado hivyo. Tulikabidhiana zamu, nikakagua toroli la dharura kama tunavyofanya kila siku: mtungi wa oksijeni una kiasi gani, mashine ya kunyonya makohozi inawaka, dawa hazijapita tarehe. Mara nyingi halihitajiki usiku kucha. Tunalikagua.

Kitanda cha mwisho alikuwapo mzee anayeruhusiwa asubuhi. Mwanawe alikuwa njiani kuja kumchukua, anatoka mbali, haijulikani atafika saa ngapi. Saa nne usiku mzee akaniita.

"Sista, naomba uninyoe ndevu."

"Mzee wangu, saa hizi? Asubuhi bado mbali. Nitakunyoa kukikucha."

"Najua iko mbali. Nikishanyolewa ndipo nitalala."

Nikaleta maji na wembe. Nilimnyoa polepole, na kila nikimaliza upande mmoja alipitisha kiganja kuhakikisha. Akaomba shati lake la kuondokea. Nikamvalisha. Akajilaza chali na vifungo vyote vimefungwa, akaniambia, "Akifika, niamshe," na kabla sijatupa maji alikuwa anakoroma.

Nilisimama pale na beseni mkononi kwa muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa. Kwenye Mathayo 25, bwana arusi alipokawia, wote wakasinzia wakalala usingizi. Wanawali wote kumi waliomngoja na taa zao, wenye busara na wapumbavu. Miaka yote nimefundisha kukesha kana kwamba ni kukodoa macho, nikajilaumu kila niliposinzia, nikawalaumu na wengine, Mungu anisamehe. Na wale watano wenye busara walilala, mlango haukufungwa mbele yao. Mafuta yalikuwa kwenye vyombo vyao tangu kabla ya usingizi. Yule mzee hakukesha hata nusu saa, na katika wodi nzima hakuna aliyekuwa anamngoja mtu kama yeye. Alikuwa anampenda anayekuja. Ni hivyo tu.

Labda pole yangu kwa Mama ilitoka hapo. Nimejiandaa kwa Bwana kama nijiandaavyo kwa wakaguzi wa wizara, nikihesabu kilichokosekana, na mkaguzi hata siku moja hujamtamani awahi. Sidhani Baba alimngoja hivyo. Baba alikuwa akisema akikawia huku anatabasamu. Nimekumbuka hilo la kutabasamu usiku huu tu, kwenye korido, na nikalia kidogo, machozi ambayo sikuyachukia.

Saa kumi alfajiri, wodi ikiwa imetulia, nilisema, "Uje, Bwana Yesu." Kwa sauti ya chini kwa sababu ya wagonjwa. Nilisubiri ile sauti yangu ishuke, haikushuka. Sijui kesho itakuwaje. Nimeliandika kwenye daftari, mstari wa kwanza, juu ya nyonga ya Mama.

Mtoto wa yule mzee alifika saa kumi na mbili kasoro. Sikuwahi kumwamsha mzee. Aliamka mwenyewe kwa hatua za mwanawe mlangoni.

Nilitaka kuishia hapo nikalale. Ila nimeyarudia mazungumzo ya Jumapili mara moja tena, nikiwa sasa natabasamu, na safari hii nimefika mpaka mwisho wake, sehemu niliyokuwa nikiikata kila mara kwa sababu niliona haina maana. Tulipomaliza kucheka, Mama aliuliza, "Haya, na wewe unakuja lini?" Nikamwambia Jumamosi. Akasema vizuri, atafurahi. Tukaongea habari za dada kidogo. Kisha akauliza tena, kwa sauti ileile, kama hajawahi kuuliza, "Unakuja lini, mwanangu?"

Na jana mchana amenipigia kunishukuru kwa kwenda kumwona Jumamosi iliyopita. Jumamosi iliyopita nilikuwa kazini. Akiamka baba watoto nitampigia kaka, nimuulize kama naye ameona kitu.