Daftari la Presha la Mama

Mama yangu alinikabidhi daftari lake la presha akiwa na wasiwasi mwingi, akasema, "Mwanangu, mashine hii imeharibika, asubuhi inasema hili na usiku inasema jingine." Nilipofungua kurasa niliona kwamba karibu kila siku, saa moja asubuhi, aliandika namba za juu zinazokaribia 150, na saa tatu usiku, kabla ya kulala, akaandika 130 na ushei. Mashine ilikuwa nzima. Kilichojitokeza katika mwandiko wake wa penseli kilikuwa ni saa ya mwili ikifanya kazi yake.

Saa hiyo imo ubongoni, juu kidogo ya pale neva za macho zinapopishana, katika kifundo chenye seli zipatazo 20,000. Mwanga unaoingia machoni huirekebisha kila siku, nayo huziratibu saa ndogondogo zilizomo katika viungo vingine, kwani hata seli za moyo na za mishipa ya damu zina saa zake. Hata mimea ina saa yake ya ndani: mwaka 1729 Mfaransa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan aliuweka gizani mmea wa jamii ya kifauongo, ule ule tuliouchezea utotoni, akaona kwamba majani yake yaliendelea kufunguka mchana na kujikunja usiku bila kuliona jua.

Kwa mtu mwenye afya, presha hushuka usingizini kwa asilimia 10 hadi 20. Kunapokaribia kucha homoni ya kotisoli hupanda, na mtu anapoamka na kusimama adrenalini huongezeka, mishipa hubana, na chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, hushikamana kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana shambulio la moyo hutokea zaidi kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa sita mchana, yaani katika zile saa za kwanza za siku kama sisi Waswahili tunavyozihesabu tangu macheo, hesabu ambayo kwa maoni yangu iko karibu zaidi na mwili kuliko ile inayoanzia usiku wa manane.

Hata hivyo, kinachonisumbua zaidi ni presha isiyoshuka mtu anapolala, kwa sababu wenye hali hiyo wamo katika hatari kubwa zaidi ya kiharusi na maradhi ya moyo. Kaka yangu ni mlinzi wa usiku kwa miaka mingi. Alipovalishwa kipimo cha saa 24, ambacho mkanda wake ulivimba mkononi kila baada ya muda mfupi, ilionekana kwamba katika usingizi wake wa mchana, chini ya bati lenye joto na kelele za watoto, presha ilibaki palepale.

Mama aliuliza kama ahamishie dawa zake usiku. Nilimweleza kwamba utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2022, wenye washiriki zaidi ya 21,000, haukuona tofauti ya maana kati ya waliomeza asubuhi na waliomeza jioni katika kuzuia shambulio la moyo na kiharusi, hivyo ameendelea kumeza baada ya chai, saa ambayo hasahau. Katika daftari amechora safu mpya ya saa. Kaka naye ametundika kitenge kizito dirishani, na watoto wameombwa wachezee uani hadi saa tisa alasiri.